Pesa za mzee anayepoteza kumbukumbu: kadi, akaunti ya pamoja, wakala au kadhi?

BintWete: Asalaam alaykum. Baba tangu apate kiharusi akili inakuja inatoka, leo anakwita jina lako kesho anakuuliza we mtoto wa nani. Ana pensheni ya ZSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, ana ile ya wazee wa miaka 70 iloanza 2016, na mikarafuu yake Pemba, msimu ukija pesa inaingia ya maana. Skuizi kaka ndo anatoa kwa kadi, PIN anayo yeye. Nyie mmefanyaje?

Wa_Darajani: Wa alaykum salaam. Kadi rahisi, na nusu ya mji wanafanya hivo, lakini yakhe hayo mazoea tu si ruhusa. Benki ikijua inaifunga. Na ndugu wakianza "zile za karafuu ziko wapi" kaka yako atajitetea na nini?

Nassor_Leicester: Huku Uingereza mtu akiwa mzima anaandika hati ya uwakala ambayo inaendelea kufanya kazi hata akili ikiondoka, ipo kwenye sheria yao ya 2005, na kama hakuandika wanakwenda mahakamani kuomba. Si hivohivo na kwetu?

MamaFatma: Sivyo, na hapo ndo wengi wanaponasa. Mie nimefanya kazi na mawakili miaka. Uwakala wetu, kwa sheria ya mikataba na kwa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, pia, unakatika pale mwenye mali akili inapomtoka, kwa hiyo ile powa ya atoni, yaani hati ya uwakala, mloipiga muhuri mwaka juzi siku mzee haelewi tena imeshakufa hata kama karani wa benki hana habari. Halafu kuna wale wanaomshika mzee mkono atie dole gumba kwenye karatasi asoijua, loh, hiyo usithubutu. Akaunti ya pamoja afadhali kidogo kwa dawa na pampasi, lakini nayo ifunguliwe wakati anaelewa, na mjue akifariki zile pesa ni mirathi, si za alobaki na jina kwenye kitabu.

BintWete: Sasa baba akili yake inakuja inatoka, tunafanyaje?

MamaFatma: Basi kadhi. Nendeni kwa kadhi wa wilaya na barua ya sheha, yaani kiongozi wa mtaa wenu, na ripoti ya daktari, kama shauri si lake atakwambieni mwende mahakama ipi. Inachelewa, sikufichi.

Maalim_Chake: Niongeze. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mtoto hawi walii, yaani msimamizi, wa mali ya baba kwa sababu tu yeye ndo mkubwa, kama hakuna baba yake wala babu wala aliyeusiwa basi ni kadhi. Na zaka ya mali ya asiye na akili inatolewa, walii ndo anaitoa, watu wanalisahau hili. Walii wa mali ya yatima akiwa masikini Qur'an imemruhusu kula humo kwa wema, akiwa anajiweza ajizuie, na wa asiye na akili anapimwa hivohivo.

Wa_Darajani: Hilo la kula kwa wema ndo linaloleta magomvi majumbani 😅 kila mtu wema wake.

MamaFatma: Ndo maana daftari. Tarehe, kiasi, cha nini, risiti ya famasi ibanwe na pini, na picha za kurasa zitumwe kwa ndugu wote kwenye grupu kila mwezi.

BintWete: Kaka kashakasirika nilivomtajia daftari, anasema namuona mwizi. Jumatatu naenda kwa sheha mwenyewe.