Okestra ya watoto London: Southbank, Barbican au tungoje Proms?

MamaWawili_Lewisham
Habari za leo wapendwa. Nina wawili, mkubwa miaka 9 kaanza vayolini shuleni, mdogo ana 4 na huyo kukaa kitini ni mtihani, sasa bibi yao anakuja kutoka Tanga atakaa mpaka mwezi wa tisa nikaona siku moja tutoke wote tukasikilize okestra live. Kuna zile za familia za London Philharmonic pale Royal Festival Hall, Southbank, wanaziita FUNharmonics, kuna za London Symphony pale Barbican, halafu baba watoto yeye kashikilia tungoje Proms, yale matamasha ya kiangazi pale Royal Albert Hall, eti ndo bibi atapata cha kusimulia akirudi. Mliowahi kwenda na watoto nipeni ukweli, bei sio ishu, ishu ni huyu wa miaka 4.

BabaZuu
Dada, Proms itoe. Nyingi hawaruhusu mtoto chini ya miaka 5 kuingia ukumbini, kwa hiyo mmoja wenu atabaki nje na kigari. Na zile tiketi za bei chee ni za kusimama, sasa mama mtu mzima umsimamishe jioni nzima kisa jengo la mwaka 1871? Mwambie shem atulie.

nyambura_E17
Mimi niko Barbican all the way. Hizo konseti zao za familia wanasema ni za watoto wa 7 hadi 12 hivi, ni kama saa moja bila mapumziko, kuna MC anaeleza nini kinaendelea. Kitu kilinimaliza ni hii: mtoto anabeba ala yake kutoka nyumbani, kuna kipande anacheza na okestra akiwa hapo hapo kwa kiti, nota unapata kabla uende ukafanye mazoezi na yeye. Wako wa vayolini atalala na hiyo vayolini wiki mzima. Lakini ule mdogo... hapo sijui. Na Barbican kwenyewe ni kuzunguka tu, wamechora hadi laini ya njano chini ufuate na bado watu wanapotea.

Binti_Mkunazini
Mie nasema Festival Hall, wala si kwa ajili ya konseti yenyewe, ni kwa yale yanayokuwa kabla. Fika mapema, kule nje ya ukumbi wanaweka ala watoto wazijaribu, wangu alipewa trombone akapuliza mpaka macho yakamtoka sauti haitoki, yule dada akamwonesha abane midomo aitetemeshe, ikatoka mlio wa ng'ombe watu wote wakageuka 😂 Yule dada akaifutafuta pale pa kupulizia akampa mwingine. Mtoto akishaigusa ile kitu, akiingia ndani anaitafuta jukwaani kwa macho, dakika ishirini za mwanzo umeshazimaliza hujamwambia "kaa". Na kuna lifti ya vioo mle inaimba, haki ya Mungu, ikipanda sauti za kwaya zinapanda, ikishuka zinashuka, huyo wa miaka 4 ndio atakayoikumbuka, okestra baadae.

BabaZuu
Hiyo lifti ni kweli, tuliipanda mpaka aibu. Na kwa Lewisham ni treni moja tu mpaka Waterloo East, Barbican mtabadilisha.

Mzee_wa_Chumbageni
Nyie mnahangaika na watoto, mie namuwazia bibi. Mtu wa Tanga, mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, kazoea muziki ukikolea anainuka na noti yake anakwenda kumtunza mwimbaji. Mwambieni mapema kondakta, yule anayeongoza okestra, hatunzwi.

Binti_Mkunazini
😂😂 Ila kweli mzee wangu. Zile za familia lakini wana uhuru, watoto wanapiga makofi popote, wanatoka chooni wanarudi, hakuna wa kukugeukia kwa jicho baya. Za usiku za wakubwa ndio ukikohoa tu unatazamwa.

MamaWawili_Lewisham
Asanteni jamani, nimemsomea baba watoto ile ya chini ya miaka 5 kanyamaza. Basi Festival Hall wote, Barbican nitaenda na mkubwa peke yake na vayolini yake likizo ya shule. Siti je, mbele kabisa ili waone?

nyambura_E17
Mbele zii, mtoto ataona viatu vya wapiga vayolini na basi. Panda juu kidogo, chukua za kando ya njia ndio utoke na mdogo haraka. Na mkiona za nyuma ya okestra zinauzwa, huko unamwona kondakta uso kwa uso, mkubwa atapenda sana, lakini ngoma kubwa ziko hapo kwa maskio, mdogo anaweza ruka. Kama anaogopa kelele mnunulie zile earphone kubwa za kuziba maskio.

MamaWawili_Lewisham
Anazo, za fataki za mwaka jana. Nakata tiketi jioni hii.