Ushauri: koki ya sinki la jikoni, maji ya simtanki na kisima cha chumvi

mjengo_kibada
Wakuu habari zenu. Namalizia nyumba Kigamboni, nimefika kwenye koki ya sinki. Maji ni ya kisima, yana chumvi kiasi na yanakuja na mchanga mwembamba. Simtanki ni la lita 1,000 juu ya mnara wa mita 3, linashusha kwa bomba la plastiki la PPR la nusu inchi. Maji ya moto sina. Sinki ni la stenlesi, bakuli mbili, tundu la koki moja. Mama watoto anataka ile miksa (koki ya kuchanganya maji ya moto na baridi) ya shingo ndefu yenye kichwa cha kuvuta. Dukani kila koki wanasema ni "original". Nichukue ipi, na nikague nini kabla ya kulipa?

NusuInchi
Mkuu, anza na presha, urembo baadaye. Kimo cha maji cha mita 10 ndiyo presha ya bar 1. Mdomo wa koki utakuwa kama mita 1.1 kutoka sakafuni, kwa hiyo tenki likikaribia kwisha unabaki na kimo cha mita 1.9, yaani bar 0.19. Likijaa unafika kwenye bar 0.3. Na kama msingi umeinua sakafu, punguza tena.

Sasa soma boksi la miksa: nyingi zinataka presha isiyopungua bar 0.5, nyingine bar 1. Hiyo ya kichwa cha kuvuta ndiyo inabana zaidi, maana maji yanapita kwenye mpira mwembamba, mara nyingi kuna na valvu ndogo ya kuzuia yasirudi nyuma, halafu vitundu vya shawa. Kwa mnara wako yatachuruzika tu. Ukiitaka kweli, weka pampu ndogo ya kuongeza presha. Kupandisha mnara hakulipi, kwa sababu bar 0.5 inataka kitako cha tenki kizidi mita 6.

bi_mkubwa_wa_bomba
Naongezea kwenye "original". Sumaku haitakusaidia sana: haishiki shaba ya njano, haishiki zinki, na stenlesi nzuri ya 304 nayo haishiki. Ikinata kwa nguvu unajua si shaba wala zinki, basi. Tumia mkono na jicho. Koki mbili za ukubwa sawa, ya shaba ni nzito zaidi. Kisha igeuze uangalie ndani ya kitako, kwenye nyuzi, sehemu ambayo kromu haikufika vizuri. Njano ni shaba, kijivu ni zinki. Zinki na maji ya chumvi haviivani: kromu inavimba malengelenge, nyuzi zinalika, na siku ya kuifungua inakatikia ndani ya kiwiko (kiungo cha kona cha bomba). Plastiki ngumu ya ABS haipati kutu, ila nyuzi zake zinapasuka fundi akikaza kwa hasira.

Oringi
Mimi kwa maji yenye mchanga ningechukua koki ya kawaida ya kuzungusha, yenye washa ya mpira. Hizi za robo mzunguko na miksa nyingi zina vigae viwili vya kauri vinavyosuguana. Punje ya mchanga ikiingia katikati inachora mfereji, na kuanzia hapo inadondosha matone hata uifunge vipi. Washa ya mpira ikiisha unabadilisha kwa dakika chache na bei yake ni ndogo.

NusuInchi
@Oringi sawa, lakini washa hiyo watu huikaza kwa nguvu kila siku mpaka inakula kiti chake (ukingo inapokalia ndani ya koki), na kiti kikilika hata washa mpya haizibi. Kauri inafaa akiweka kichujio cha umbo la Y kwenye bomba la kushuka kutoka tenki, mahali anapofika kwa mkono ili aoshe wavu wake. Pia akiwa bado dukani aulize katriji (kiini cha ndani kinachofungua na kufunga maji): ni ya milimita 35 au 40, na wanaiuza peke yake? Kama hawana, hiyo koki ni ya kutupa ikianza kuvuja.

mjengo_kibada
Asanteni. Tundu la sinki nimepima milimita 35. Na je, nikichukua miksa ya kawaida isiyo ya kuvuta, ule mpira wa maji ya moto naufanyaje?

bi_mkubwa_wa_bomba
35 ni tundu la miksa, koki ndogo ya kusimama itacheza humo mpaka uweke sahani pana chini na juu. Mpira wa moto usiuache wazi, maji yanaweza kuvuka ndani ya katriji yakamwagika kabatini. Wengi wanaziba. Kwako ni bora uweke tii (kiungo cha njia tatu), mipira yote miwili ichukue maji yale yale: mkono ukae kokote maji yanatoka, na ukiwa katikati yanapita njia mbili, faida kwa presha ndogo. Weka koki ya kufungia chini ya sinki kabla ya hiyo tii.

Oringi
Kwenye kufunga, mambo yanayoharibika ni haya. Kabla ya kuunga mipira, fungulia maji kwenye ndoo mpaka yatoke safi, maana makapi ya PPR yanakimbilia kwenye katriji. Mpira unaoingia kitako cha koki una oringi (pete ya mpira ya kuzibia), kaza kwa vidole tu, plaizi inaikata. Nati ya upande wa pili ina washa yake, haitaki tepu. Kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana. Tepu ni ya nyuzi zinazoingia kwenye kiwiko.

Bati la sinki ni jembamba, shingo ndefu italiyumbisha. Kata kipande cha plaiwudi, kitoboe, kikae chini ya bati kabla ya nati kubwa.

mjengo_kibada
Nimeelewa. Shingo iwe ndefu kiasi gani kwa bakuli mbili?

NusuInchi
Pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya kila bakuli, chukua shingo inayozunguka na inayofika pote. Kimo kiwe cha kupitisha sufuria yako kubwa kabisa, kisizidi sana, maji yataruka. Na kichujio cha mdomoni kiwe cha kufunguka: kikiganda weupe wa chumvi, kiloweke kwenye siki saa moja, suuza, rudisha. Usimwagie asidi ya chooni, inamenya kromu.