Kijana uliyeinua daftari langu la madeni mbele ya wageni wako, uzi huu ni wako

Mangi wa Kona

Wakuu, ninaandika kabla ya kufungua duka, kwa kuwa kwa hasira niliyonayo mteja wa kwanza angeomba mafuta ya kula nikampimia mafuta ya taa. Kampuni ninayoisema mnaijua nyote. Ni ile inayotuuzia wenye maduka bidhaa za jumla kupitia programu ya simu, yenye bajaji za mizigo zilizopakwa rangi ya kuumiza macho, ambayo kila baada ya muda mfupi hutangaza kwamba imepata mamilioni mengine ya dola, ilhali dereva wake hajawahi kuwa na chenji ya shilingi mia mbili.

Jana kijana wao, yule mwenye raba nyeupe ambazo hazijawahi kuonja vumbi la Mbagala, alikuja na wageni wawekezaji. Akapita nyuma ya kaunta bila hodi, akachukua daftari langu la madeni, akaliinua kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, kisha akawauliza wageni wake kama wanaamini kwamba kitu hiki bado kinatumika. Wageni wakacheka, na mmoja akapiga picha. Haya yote yalifanyika mbele ya wateja ambao majina yao yamo humo humo ndani ya daftari!

Kwa vidole viwili, wakuu.

Daftari lile linajua nani hulipa mwisho wa mwezi, nani hulipa mume akirudi kutoka bandarini, na nani alihama usiku akaniachia deni la unga. Programu yao, kinyume chake, mpaka leo inanionyesha kuwa sukari niliyoikataa mlangoni kwa sababu ilikuwa imelowa ni oda iliyokamilika, na sina shaka kwamba sukari hiyo imo katika mabilioni ya mauzo wanayowasomea wageni. Mwanzoni walituuzia kwa bei ya chini kuliko bei ya jumla ya Kariakoo, na kila mtu alijua kwamba tofauti ile ilikuwa ikilipwa na tajiri fulani asiyejua Mbagala iko wapi. Walipoona tumeacha kwenda Kariakoo wakaleta ada ya kufikishiwa mzigo, kisha ada ya huduma, na sasa huduma yenyewe ni kuchekwa.

Wenzao wa WeWork huko Marekani walikodi majengo kwa mikataba ya miaka mingi, wakayapangisha vipande vipande kwa mwezi, wakajiita kampuni ya teknolojia, na Januari 2019 wakathaminiwa dola bilioni 47, ingawa mwaka uliotangulia walikuwa wamepata hasara ya takriban dola bilioni 1.9. Walikuwa hata na kipimo chao wenyewe cha faida, ambacho kiliacha nje gharama za matangazo na za utawala. Novemba 2023 wakakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Nami nikiacha kuhesabu kodi ya fremu, umeme na mshahara wa kijana wa dukani, basi ni tajiri wa Mbagala nzima. Lakini daftari langu halijui kuhesabu hivyo, na ndilo lililoinuliwa kwa vidole viwili.

Busara Kidogo

Pole sana, Mangi. Hata hivyo, duka lako lote limepakwa rangi yao, na picha yako ukiwa umevaa fulana yao imo kwenye bango la pale Mbagala Rangi Tatu, umecheka kuliko wageni hao. Rangi ya bure uliikubali, mzaha wa bure unaukataa?

Mangi wa Kona

Fulana ni fulana. Mimi ninazungumzia daftari.

Binti Hesabu

Msimlaumu kijana peke yake, kwani wageni wa namna hiyo ndio walioipa Juicero takriban dola milioni 120 kwa ajili ya mashine ya kukamua juisi, iliyoanza kuuzwa kwa dola 699. Aprili 2017 waandishi wa Bloomberg walionyesha kwamba mfuko wake wa matunda ulikamulika kwa mikono mitupu, na Septemba mwaka huohuo kampuni ikatangaza kufunga.

Jirani wa Kawangware

Huku Nairobi tulikuwa na Kune, ambayo mwanzilishi wake Mfaransa alidai kwamba ni vigumu kupata chakula kizuri cha bei nafuu, katika jiji ambalo huwezi kujikwaa bila kuangukia sufuria ya ndengu ya mama wa kibanda. Akapewa dola milioni 1 mwaka 2021. Juni 2022 alikuwa amefunga, na yule mama bado anapika.

Dereva Asiyelala

Wenye maduka mna bahati, kwa sababu mmechekwa mara moja tu. Sisi madereva wa programu za teksi tunaitwa "washirika" kila siku. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ilipoweka ukomo wa kamisheni tunayokatwa kuwa asilimia 15 mwaka 2022, Uber ilisitisha huduma zake za kawaida hapa Tanzania, ikarejea baada ya ukomo kupandishwa hadi asilimia 25. Kampuni ninayoendeshea mimi, ambayo siitaji, jana imenipongeza kwa kupata nyota tano, na pongezi hizo haziingii kwenye tanki la mafuta.

Mangi wa Kona

Wakuu, naomba turudi kwenye daftari.

Mkopaji Mstaafu

Dereva, afadhali wewe unapongezwa. Mimi nilikopa kwenye mojawapo ya zile programu za mikopo ya riba kubwa, kausha damu, nikachelewa kidogo, wakamtumia ujumbe kila mtu aliyemo kwenye simu yangu kwamba mimi ni tapeli. Wa kwanza kuusoma alikuwa mama mkwe.

Busara Kidogo

Mama mkwe alisemaje?

Mkopaji Mstaafu

Alilipa. Sasa ninadaiwa na yeye, na tangu hapo salamu zake zote zinaanza na riba.

Dereva Asiyelala

Walikupa fedha baada ya muda gani tangu uombe?

Mkopaji Mstaafu

Dakika chache tu.

Dereva Asiyelala

Mkuu, naomba unitumie jina la programu hiyo faragha. Shule zinafunguliwa Jumatatu.