Ukoo wa Igombe: kasa wa Kulwa

*Jumatatu, 6 Mei 2024*

Mama: Kulwa mwanangu uko wapi? Tangu juzi hupatikani, na redio inasema kimbunga Hidaya kimepiga kisiwa cha Mafia.

Doto: Mama, ujumbe wangu bado tiki moja. Huenda mtandao umekatika.

Shangazi Kabula: Eee Mungu. Sijalala mimi.

Kulwa: Shikamooni nyote. Mimi mzima. Samahani mama, mtandao umerudi sasa hivi. Jirani ameezuliwa paa, sisi tuko salama.

Mama: Asante Yesu. Panda boti urudi nyumbani.

Kulwa: Wiki hii siwezi, mama. Mawimbi yamekula ufukwe. Viota vya kasa tulivyokuwa tunalinda vilikuwa vitano, viwili vimekwenda na maji. Cha tatu nimekifukua alfajiri, mayai 98 yote yameharibika kwa maji. Viwili vilivyobaki viko ukingoni kabisa, na keshokutwa mwezi unaandama, bamvua litavifikia. Tunavihamisha leo.

Mjomba Masanja: Bamvua ndiyo nini? Huku ziwani hatuna.

Kulwa: Ni maji kujaa sana, mjomba. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, bahari inapanda kuliko siku nyingine.

Shangazi Kabula: Si mnajaza tu kwenye ndoo mnahama nayo?

Kulwa: Hapana shangazi. Yai la kasa ni duara, ganda lake laini kama ngozi. Saa chache tu baada ya kutagwa, kitoto kinajishika kwenye ganda upande wa juu. Ukiligeuza kinafia humo humo. Kwa hiyo kila yai nalitia alama ya penseli juu kabla sijalinyanyua, naliweka ndoo yenye mchanga wake, alama ikitazama juu. Halafu shimo jipya la kina kilekile, mkono wangu mpaka begani. Kiota kimoja kina mayai 112. Moja moja.

Doto: Nimemsomea babu. Anasema sato jike anaatamia mayai mdomoni, hata watoto wakitishwa wanarudi humo humo. Anauliza, huyo kasa mama mtu yuko wapi?

Kulwa: Akishafukia anarudi baharini, babu. Hakai kuwaona watoto.

Mama: Umekula?

Kulwa: Muhogo.

Mama: Nakutumia elfu ishirini. Ununue na koti la mvua.

*Alhamisi, 9 Mei*

Kulwa: Usiku maji yamefunika pale viota vilipokuwa. Vipya havijaguswa.

Mjomba Masanja: Wabeja, asante sana mwanangu.

*Jumatano, 12 Juni*

Kulwa: Mchanga umeanza kubonyea juu ya kile cha 112, watatoka siku yoyote. Shida ni taa. Umeme ulipokatika ufukwe ulikuwa giza, sasa kuna nyumba inawasha taa ya baraza usiku kucha. Vitoto hufuata mwanga wakidhani ni bahari, wanapotelea vichakani na kaa wanawakamata.

Doto: Babu ameomba simu, anaongea mwenyewe, naandika: "Miaka yote nimevua dagaa kwa karabai. Usiku wa giza ukiwasha taa wanakuja wenyewe, hawawezi kujizuia. Nenda kwa mwenye nyumba umwombe kwa adabu. Usimgombeze."

Kulwa: Nakwenda sasa hivi babu.

Kulwa: Amezima. Na yeye anataka kuwaona.

*Jumamosi, 15 Juni*

Kulwa: Wametoka jana saa nne usiku! Mchanga ulichemka kama uji, kisha wote wakateremka majini. Hakuna hata mmoja aliyeelekea kwenye nyumba.

Shangazi Kabula: 😭😭 Babu anacheka peke yake hapa.

*Jumatatu, 17 Juni*

Kulwa: Tumefukua kiota jioni hii kuhesabu. Maganda matupu 72, mayai 40 hayakuanguliwa. Chini kabisa tumemkuta mmoja hai, mzizi umemzonga shingo.

Mama: Umemtia majini?

Kulwa: Tumemfungua mzizi, tukamweka mchangani atembee mwenyewe. Anasimama, anapumzika, anaendelea.

Mama: Amefika?

Mama: Kulwa?

Kulwa: Wimbi la kwanza lilimrudisha. La pili limemchukua, mama.