Naomba ushauri: mdogo wangu anazima injini akishuka Iwambi

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Nina mdogo wangu hapa Mbeya, dereva boda wa mkataba, kijiwe chake Mbalizi na abiria wake wengi anawapeleka Mafiati na Mwanjelwa.

Shida ni kurudi. Akianza kushuka ule mteremko wa Iwambi anaweka nyutro anazima injini kabisa eti anabana mafuta, anaserereka hivyo hivyo katikati ya malori ya Tunduma, siku nyingine kapiga mshikaki, yaani kapakia abiria zaidi ya mmoja, na helmeti kaivisha mkononi. Jamani tunaoijua ile barabara tunajua malori yanavyofeli breki pale, sasa na wewe umezima injini ambayo ukiwa na gia ndogo ndiyo inakushikia mwendo, umebaki na breki tupu, zikipata moto zikagoma inakuwaje? Na abiria wa watu yupo nyuma.

Nimeongea nae, mama kaongea nae mpaka kalia, mwenyekiti wa kijiwe kamuonya. Anajibu "sawa dada", kesho yale yale. Anasema hesabu ya tajiri, yaani hela anayompelekea mwenye pikipiki, inambana.

Naomba kuuliza mafundi na madereva wazoefu, kushuka na gia ya pili au ya tatu umeachia mafuta kunakula zaidi kiasi gani kuliko kuzima? Nataka nimwonyeshe kwa hela, hapo ndipo anasikiaga.

Pia nimwambie tajiri wake au nisimwambie? Mkataba umebaki kidogo uishe pikipiki iwe yake, naogopa atanyang'anywa, ila naogopa zaidi kupigiwa simu ya msiba.