Akaunti ya pamoja, mwenzangu amefariki

Wakuu, mume wangu tumemzika Jumamosi, Kihonda. Akaunti yetu ni ya pamoja, tunasaini wote wawili. Leo dirishani naambiwa imezuiwa, na ada ya mtoto mwisho Jumatatu. Nifanyeje?

— Pole sana dada. Fomu ya kufungulia akaunti inasemaje mmoja akifa? Omba nakala.

— Kama haisemi kitu, kaeni kikao cha ukoo, nenda na muhtasari na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo. Ukiteuliwa msimamizi wa mirathi unapewa Fomu Na. 4, ipeleke benki. Orodha ya mali na madeni ya marehemu unaipeleka mahakamani ndani ya miezi 4.

— Kadi ya akaunti yake binafsi usiiguse, hata kama namba ya siri unaijua! Mimi mashemeji waliniita mwizi kwa elfu hamsini, tena ya sanda.

— Asanteni. Ada nimekopa kikoba.