Hospitali ya kufundishia inachoma watoto sindano za "nishati", halafu mzazi unaambiwa usaini tu!

Wakuu, nimechefukwa, na hili siwezi kuliandika kwa upole. Unampeleka mtoto hospitali ya kufundishia, penye maprofesa na maabara, ukijua kila atakachofanyiwa kimeshapita kwenye chujio. Mtoto ana miaka tisa, anasumbuliwa na kipandauso. Kliniki ya maumivu inakukabidhi fomu ya akupancha, ile tiba ya jadi ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba kwenye pointi maalumu za mwili.

Fomu yenyewe ni aya moja. Tiba "husawazisha mtiririko wa nishati mwilini", ni "salama na haina madhara". Basi. Nikamuuliza mhusika hiyo nishati inapimwaje. Akatabasamu, akanijibu kwamba ni elimu ya maelfu ya miaka. Pembeni wamesimama wanafunzi wa udaktari, madaftari mkononi, na wanaandika! Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Vijana hawa hawa wanafundishwa wasiamini dawa yoyote mpaka ipimwe dhidi ya plasebo, yaani tiba bandia, kisha wakiingia chumba cha pili wanaambiwa waliweke kando somo hilo.

Na msiseme haijapimwa. Imepimwa sana. Ujerumani walichapisha mwaka 2007 matokeo ya jaribio la wagonjwa zaidi ya 1,000 wa maumivu ya mgongo. Waliochomwa kwenye pointi "sahihi" na waliochomwa juujuu pasipo pointi walipata nafuu karibu sawa, na makundi yote mawili yaliwazidi waliopewa tiba ya kawaida. Watetezi hunukuu hicho kipande cha mwisho tu. Sasa kama popote unapochoma ni sawa, ile ramani ya meridiani ukutani, yaani hizo njia za "nishati", ni ya nini? Tangu 1998 zipo hata sindano bandia ambazo ncha yake hurudi ndani ya mpini. Mgonjwa anahisi kachomwa, kumbe wapi.

Hilo la "haina madhara" ndilo limeniudhi kuliko yote. Jarida la Pediatrics lilitoa mwaka 2011 mapitio ya usalama wa akupancha kwa watoto. Matukio 279 yalikusanywa. Mengi madogo, michubuko na vilio, lakini 25 yalikuwa makubwa, likiwemo la hewa kuvuja nje ya pafu na moja la moyo kupasuka. Watafiti walisema mengi ya hayo makubwa huenda yalitokana na utendaji mbovu. Sawa, ni nadra, nakubali. Ila nadra iandikwe nadra! Panadol tu ina karatasi ndefu ya tahadhari ndani ya boksi.

Haki yao niwape: kwa kichefuchefu baada ya upasuaji, zipo tafiti zinazoonyesha kwamba kuchochea pointi moja karibu na kifundo cha mkono hupunguza kutapika. Lakini pointi hiyo hata kubonyezwa kwa mkanda inawezekana, bila kumtoboa mtoto anayelia akiona sindano. Na kipandauso si kichefuchefu cha baada ya nusu kaputi.

Tena msiniletee ile hadithi ya mwandishi wa New York Times aliyepasuliwa Beijing mwaka 1971 kwa akupancha tupu. James Reston alitolewa kidole tumbo kwa dawa za ganzi za kawaida kabisa. Akupancha alifanyiwa baadaye, tumbo lilipomsumbua. Hadithi imezunguka miaka yote hiyo ikiwa imegeuzwa, na nimeisikia tena kutoka kwa mtu aliyevaa koti jeupe.

Sijasaini. Nimeomba kwa maandishi nijue kamati gani iliipitisha huduma hii kwa watoto, kwa ushahidi upi, na nani anawaambia wale wanafunzi upande wa pili wa habari. Nimeambiwa nisubiri. Miadi ya daktari bingwa wa mishipa ya fahamu nayo imesogezwa mbele tena. Chumba cha sindano, wanasema, kina nafasi hata kesho asubuhi.